Paka wa ghalani: matunzo yake toka utotoni hadi uzeeni

Paka anayelinda mahindi huwa na nguvu kamili za kuwinda kuanzia mwaka 1 hadi miaka 7 hivi. Wengi hawaifikii hiyo miaka, au huifikia wakiwa dhaifu, kwa sababu walianza vibaya.

Usimchukue mtoto wa paka kabla hajatimiza wiki 8. Mama huanza kuwaletea wanawe panya wakiwa na umri wa mwezi 1 hivi, na hapo ndipo wanapojifunza kuua. Washikwe na watu kuanzia wiki ya 2 hadi ya 7, la sivyo watakuwa wa porini. Dawa ya minyoo ianze wiki ya 3, irudiwe kila wiki 2 hadi waachishwe, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Wape dagaa waliochemshwa au utumbo wa kuku uliopikwa, kidogo kidogo mara 4 kwa siku. Ugali mtupu haufai: macho na moyo wa paka huhitaji kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho huipata kwenye nyama na samaki.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akiwa na miezi 3. Kuhasi kufanyike miezi 4 hadi 6, maana jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na dume asiyehasiwa hutangatanga na kurudi na majipu ya kuumwa.

Akishakua, msimnyime chakula eti ndipo awinde. Paka mwenye njaa huhama. Aliyelishwa asubuhi na jioni hubaki, na panya huwakamata vilevile. Sumu ya panya nayo humuua. Akila panya aliyekula sumu ya kuzuia damu kuganda, hufa siku kadhaa baadaye, fizi zikiwa nyeupe. Kwa hiyo chagueni: paka au sumu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse kabisa. Baadhi ya dawa za unga za kuhifadhia nafaka zina permethrini, sumu ya wadudu ambayo ini la paka haliimudu. Siku ya kuchanganya mahindi afungiwe mbali, na unga wa dawa uliomwagika ufagiliwe kabla hajarudi, kwani hujilamba manyoya.

Kuanzia miaka 7, mpime kila mwezi: mtie kwenye kikapu, ning'iniza kwenye mizani, toa uzito wa kikapu. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400, aonwe na daktari wa mifugo. Kunywa maji na kukojoa kupita kawaida huashiria figo au kisukari. Akidondosha dagaa mdomoni, meno yanauma, msagie. Kucha zikaguliwe kila wiki 2, maana za mzee hujikunja na kuchoma nyayo. Panadoli asipewe hata kipande, kidonge 1 humuua.

Mrithi aletwe mkongwe akiwa bado anawinda. Mgeni akae chumba chake wiki 1, wabadilishane matambara ya kulalia wazoeane harufu, ndipo mlango ufunguliwe.