Kabla hujaliamini kaburi, uliza habari yake ina umri gani

Kaburi la Gandhi, yule mpigania uhuru wa India, hapa Jinja, Uganda, nililianzisha mimi. Sijivunii.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kutembeza wageni kwenye chanzo cha Nile, na siku hiyo nilikuwa na kundi la akina mama wa chama kutoka Mombasa, pamoja na mzee mmoja wa Kihindi aliyekaa kimya tangu asubuhi. Tulipofika kwenye sanamu ya Gandhi, mama mmoja akauliza, "Na huyu kazikwa hapa?" Jua lilikuwa kali na njaa inaniuma. Nikajibu, "Ndiyo mama, hapahapa." Wakapiga picha. Yule mzee akanivuta kando. "Kijana, sisi Wahindu hatuzikwi. Tunachomwa." Akanieleza polepole: Gandhi aliuawa Delhi tarehe 30 Januari 1948, akachomwa siku iliyofuata, majivu yakagawanywa yakapelekwa kwenye mito mingi, na sehemu yake ikaja kumwagwa hapa kwetu mwaka huohuo.

Niliona haya, nikaacha kusema hivyo. Lakini baada ya miezi kadhaa nikamsikia kijana wa boti akiwaambia abiria wake kwamba Gandhi alifika Jinja kwa miguu, akayapenda maji haya, akausia azikwe ukingoni. Gandhi hakuwahi kukanyaga Jinja. Uongo wangu mdogo ulikuwa umeshaoa na kuzaa.

Basi mtu akinitumia kwenye WhatsApp habari ya kaburi la nabii fulani katika nchi fulani, au safari ya siri ambayo "hawataki tuijue", ninaichunguza kama ifuatavyo. Wewe pia unaweza, hata kwa bando la siku moja.

Kwanza, pima umri wa habari, si wa kaburi

Watu hukimbilia kuuliza jiwe lina miaka mingapi. Jiwe linaweza kuwa na miaka elfu, na hadithi yake ikawa ya juzi. Uliza hivi: ni nani wa kwanza kuandika kwamba aliyelala hapa ni fulani, na aliandika miaka mingapi baada ya fulani huyo kufa?

Chukua habari inayozunguka sana, ya Nabii Isa kuzikwa Kashmir. Kaburi lipo kweli, linaitwa Rozabal, mtaa wa Khanyar mjini Srinagar, na mwenye kaburi huitwa Yuz Asaf. Mwanahistoria wa Kashmir wa karne ya 18 alimtaja kama mtu mtakatifu, mwana wa mfalme kutoka ugenini. Aliyemtangaza kuwa ni Isa ni Mirza Ghulam Ahmad, mwanzilishi wa jumuiya ya Waahmadiyya huko India, katika maandishi yake ya 1899. Toa mwenyewe hesabu: ni zaidi ya miaka 1,800. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1894, Mrusi Nicolas Notovitch alikuwa ametoa kitabu Paris akisema alivunjika mguu huko Ladakh, jirani na Kashmir, akauguzwa katika monasteri ya Hemis, na mkuu wa watawa akamsomea maandishi ya kale kuhusu Isa kusoma India. Mwaka 1895 mwalimu wa chuo huko Agra, J. Archibald Douglas, akafunga safari hadi Hemis akamuuliza mkuu huyo. Jibu likawa kwamba kitabu cha namna hiyo hakipo.

Huyo Douglas ndiye ninayempenda katika kisa chote. Hakubishana na mtu barazani, alikwenda kuuliza.

Na jina lenyewe Yuz Asaf? Hapa nawashukuru walimu wangu wa chuo cha Kurani kule Bombo, fimbo zao nikiwa nimezisamehe. Andika herufi ya *ba* mwanzo wa neno la Kiarabu: kijino kimoja, nukta moja chini. Andika *ya*: kijino kilekile, nukta mbili. Hadithi ya maisha ya Buddha, mwanzilishi wa dini ya Kibudha, ilipita Uajemi ikaingia Kiarabu, na cheo chake, Bodhisattva, kikawa Budhasaf. Nukta ikaongezeka kwa mkono wa mwandishi, Budhasaf akawa Yudhasaf, kisha Yuz Asaf. Hadithi hiyohiyo ilipofika Ulaya akaitwa Josaphat, na Wakristo wakamweka katika orodha ya watakatifu wao bila kujua wanamheshimu Buddha. Nukta moja tu! Ustadhi alikuwa na haki ya kutuchapa.

Sasa linganisha na kisa cha hapa nyumbani. Askofu James Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Shajara yake, aliyoiandika mpaka siku ya kufa, ilisalimika na ikachapishwa 1888. Mabaki yake yalizikwa Namirembe, Kampala, tarehe 31 Desemba 1892. Naye ni mtu wa dini, alisafiri, na mifupa yake nayo ilisafiri. Ila hapa kutoka tukio hadi maandishi si karne 18, ni miaka michache, na wa kwanza kuandika ni marehemu mwenyewe.

Kisha hesabu makaburi

Hili ni jepesi. Kichwa cha Nabii Yahya kipo katika Msikiti wa Umayya wa Damascus. Kipo pia Roma. Kipo tena katika kanisa kuu la Amiens, Ufaransa. Imam Ali yuko Najaf, Iraki, na yuko vilevile Mazar-i-Sharif, Afghanistan, mji ambao jina lake lenyewe maana yake ni kaburi tukufu. Ali alifariki mwaka 661, na habari ya kaburi la Afghanistan ilitoka karne ya 12, watu walipolioteshwa. Mimi sidharau ndoto za mtu, lakini nikisikia kaburi liligunduliwa kwa ndoto, nakaa kitako.

Fungua na kitabu chenyewe. Torati, Kumbukumbu 34, inasema Musa alifia nchi ya Moabu, mashariki ya Yordani, na kwamba hakuna ajuaye kaburi lake. Hata hivyo lipo kaburi linaloitwa lake karibu na Yeriko, magharibi ya mto, lenye jengo zuri la Sultani Baybars la mwaka 1269.

Ila usifanye haraka kucheka. Makaburi mawili ya mtu mmoja huweza kuwa kweli. Hapa Buganda zamani mwili wa Kabaka, yaani mfalme, ulizikwa mahali pamoja, na taya lake likatunzwa kwa heshima mahali pengine. Muteesa wa Kwanza, aliyefariki 1884, ndiye aliyevunja desturi akazikwa mzima, pale Kasubi. Mgeni asiyejua hilo angewaita Waganda waongo, na angekuwa amekosea yeye. Kwa hiyo uliza desturi ya mazishi kabla ya kuhukumu; kutouliza ndilo kosa lililonipata mimi kwa Gandhi.

Tazama sanduku la sadaka

Kijiji cha Shingo, kaskazini mwa Japani, kina kaburi la Yesu. Wanasema msalabani alikufa ndugu yake, yeye akahamia Japani, akalima, akafa na miaka 106. Habari hiyo ilizaliwa miaka ya 1930 kutokana na nyaraka za familia ya Takeuchi, na nyaraka zenyewe ukiziulizia unaambiwa zilipotea wakati wa vita. Watalii wanakwenda na fedha zao. Siwalaumu wanakijiji, maana mimi pia nakula kwa hadithi.

Namna ya kuongea na wenye imani

Hapa vijana wengi huharibu. Fundi cherehani wangu ni Mwahmadiyya, na kwake kaburi la Kashmir ni sehemu ya dini. Sijawahi kumwambia ni uongo. Nilimuuliza, "Mzee, kabla ya Mirza, nani aliandika?" Akafikiri, akanitajia vitabu viwili, tukavitafuta pamoja kwenye simu yake huku suruali yangu ikisubiri. Hatukukubaliana, lakini suruali niliipata na bei haikupanda.

Shangazi yangu Hajati kule Bombo, yeye hutuma video. Simjibu kwenye kundi la familia mbele ya watu, nampigia. "Shikamoo shangazi. Ile video umetumiwa na nani?" Mara nyingi hajui. Mara moja akaniambia, "Basi ngoja nimuulize aliyenitumia." Aliyemtumia hakujua pia, naye akamuuliza wa kwake. Video ikaishia hapo.

Nami siku hizi mgeni akiniuliza kama Gandhi kazikwa hapa, namwonyesha maji na kumwambia ni majivu, kiasi kidogo, mwaka 1948, na sasa yapo popote Nile ilipofika. Wengine hununa kidogo. Yule mwenzangu wa boti bado anasimulia la kwake, la safari ya miguu na wosia, na bakshishi anayopewa ni mara mbili ya yangu.