Jinsi ya kufuga kambare kwa tenki wasimalizane

Kama uliweka vifaranga 300 vya kambare kwa tenki halafu baada ya wiki tatu umehesabu umepata 112, tafadhali usiende kugombana na soja wa geti. Mimi niligombana naye. Nilimshuku yeye, nikashuku paka wa jirani, nikashuku watoto wa ploti, mpaka usiku mmoja saa tatu nikainama na tochi ya simu nikaona chini ya tenki kuna vichwa. Vichwa tu, kama punje za mahindi, mwili hakuna. Na pembeni hapo kuna mmoja mrefu mara mbili kuliko wenzake, tumbo limefura, kichwa cha mwenzake bado kinaning'inia mdomoni. Soja nilimnunulia chai na mandazi, tukaisha hiyo maneno.

Sasa elewa huyu samaki kabla ujaze maji. Kambare, ama mumi vile Wajaluo wanamwita, ni mwindaji tangu akiwa mdogo hivi. Akiwa bado hajafika sentimita tano hivi anamshika mwenzake kwa mkia, anammeza polepole mpaka kwa kichwa, kichwa kinamshinda anakitema, ndio hivyo vichwa. Akikua kidogo anabadilisha mtindo, anaanza na kichwa na anameza mzima mzima, hapo sasa hutaona mabaki yoyote, ni hesabu tu inapungua na wewe unalaumu watu.

Kwa hivyo kazi kubwa ya kufuga kambare, kubwa kuliko chakula, ni kuwatenganisha kwa saizi. Kanuni ni rahisi, kama kichwa cha mdogo kinaweza kuingia kwa mdomo wa mkubwa hao wawili hawafai kulala tenki moja. Siku ya kununua angalia ndoo vizuri, mimi niliuziwa mchanganyiko, wengine kidole cha mwisho wengine kidole gumba, nikaambiwa "watalingana tu." Hawakulingana. Chukua beseni la plastiki, litoboe mashimo yanayolingana, lielee ndani ya tenki, weka samaki humo, wadogo watapenya watoke na wakubwa wabaki. Fanya hivyo kila wiki kwa miezi miwili ya kwanza, asubuhi na mapema kabla hujawalisha, kwa sababu ukiwasumbua wakiwa wameshiba wanatapika na maji yanaharibika. Wale wanaobaki kwa beseni mimi nawaita majambazi, wana pipa lao, na usiwahurumie ukawarudisha ati wanakaa wapweke.

Jambo la pili ni njaa, kambare mwenye njaa hana ndugu. Wadogo wape chakula mara nne kwa siku, cha unga ama tembe ndogo chenye protini kama asilimia 40, omena (dagaa) iliyosagwa inasaidia lakini peke yake haitoshi. Na ile ya mwisho iwe giza likiingia, hiyo usiruke, kwa sababu huyu ni mnyama wa usiku. Macho yake ni madogo na hayategemei sana, anatumia sharubu, ziko nane, anapapasa na kuonja maji nazo, na tena ngozi yake inasikia umeme mdogo unaotoka kwa mwili wa samaki mwingine. Kule Okavango, Botswana, hawa hawa kambare wa kwetu huwinda kwa makundi pembeni mwa matete, na mawindo yao makubwa ni wale samaki wanaotoa umeme mdogo usiku. Yaani jamaa wanajificha gizani na bado wanasikika! Ndio maana tenki ya kuona ndani na taa zinawaka haimsaidii, inamfanya awe na wasiwasi na agombane. Tafuta ile tenki nyeusi ya maji, ikate nusu, funika sehemu kubwa na gunia, watatulia na watakula.

Watu wa Nairobi huniuliza stima ikipotea na pampu ya hewa izime itakuwaje. Kambare hapo ndipo anampiga ngege, yaani tilapia, bao. Juu ya matamvua yake ana kiungo kingine chekundu, kimejikunja kama koliflawa, anapanda juu anavuta hewa kama wewe na mimi kisha anashuka. Ukisikia usiku "plup, plup" usiogope, ni kupumua. Kwa hivyo usijaze tenki mpaka mfuniko uguse maji, wacha nafasi ya hewa. Lakini vile vidogo sana vya wiki mbili tatu hiyo koliflawa haijamea vizuri, hivyo vinataka pampu ya hewa, na kama huna pampu nunua waliokua kidogo. Na kupumua juu si leseni ya kukaa na maji machafu mwezi mzima, amonia itamchoma ngozi tu, huyu hana magamba. Toa kama robo ya maji ya chini kila siku mbili tatu, mwagia sukuma wiki, utashangaa hiyo sukuma. Maji ya bomba yana klorini, yaache wazi kwa ndoo ama pipa siku mbili kabla ya kuyaweka. Hapa kwetu na huu mgao wa maji lazima ukae na pipa la akiba, hiyo hatujadiliani.

Baridi ndio adui wa kweli wa Nairobi. Anapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30, sisi tuko mita kama 1,700 juu ya bahari na mwezi wa saba maji ya nje yanakuwa kama ya friji, samaki anakataa kula na wewe unaendelea kumwaga chakula kinaoza. Jenga kibanda cha nailoni juu ya tenki, na siku za baridi punguza chakula. Ukisikia mtu anavuna kwa miezi sita yuko kule kwa joto, wewe jipange kwa zaidi.

Funika na neti, uweke mawe pembeni. Mvua ikinyesha usiku anaruka, akianguka anatembea kwa kujisukuma na miiba ya mapezi ya kifuani, na ngozi ikiwa na unyevu anakaa nje muda mrefu tu. Wangu mmoja alipatikana kwa koridoo mlango wa mama wa nyumba namba nne, mayowe yake yaliamsha ghorofa nzima. Hiyo miiba pia inachoma vibaya, mshike nyuma ya kichwa vidole vikiwa nyuma ya mapezi, na kitambaa kilicholowa.

Mayai usingoje. Porini hutaga mvua ikifurisha mito, majike wanaingia kwa nyasi zilizofunikwa na maji, mayai yananata hapo na wazazi wanaenda zao. Kwa tenki jike atabeba mayai na hatayatoa mpaka adungwe homoni, na dume huwa anapasuliwa kutolewa mbegu, hiyo waachie wanaototolesha.

Kuhusu soko, uliza majirani kabla ya kuvuna. Wasabato hawali samaki asiye na magamba, na wengine wanaogopa tu ule utelezi. Mwoshe na chumvi na majivu mpaka mkono usiteleze, mkate vipande, mkaushe kwa moshi. Mama wa namba nne, yule wa mayowe, sasa huchukua kilo mbili kila Ijumaa na hataki kichwa kitolewe.