Kwenda Takwa kwa mashua, mtu na mkewe

Mimi na mume wangu tuna mashua ndogo, na safari tunayoipenda kuliko zote ni ya kutoka Lamu mjini hadi Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, kulala huko na kurudi alfajiri. Si mbali, ila mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko hukauka maji yakipwa. Panga safari kwa maji.

1. Chagua bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, la mwezi mpevu, majira ya kaskazi, Desemba hadi Machi. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi jioni, na tena saa kumi alfajiri, huku mwezi ukikuonyesha njia. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku za maji mafu, yasipojaa sana, baki nyumbani.

2. Siku moja kabla, fua maji yote ya ngama, yaani yaliyotuama chini ndani ya chombo, kisha rudi jioni uangalie. Yakiwa yamerudi, tafuta mshono unaovuja upigwe kalafati, yaani uzibwe.

3. Gawaneni kazi kabla ya kung'oa nanga. Kwetu mimi nashika usukani na demani, ile kamba ya kuvuta na kulegeza tanga; yeye tanga na upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Demani usiifunge kamwe. Iwe mkononi, upepo ukipiga ghafla uiachie.

4. Ingieni kwenye mkono wa bahari maji yakiwa bado yanajaa. Hapa ndipo pa kuwa makini. Ukikwama yakijaa, subiri kidogo, chombo kitaelea chenyewe. Ukikwama yakipwa, umelala hapo. Sisi yalitupata mwaka wa kwanza: tulichelewa nusu saa tu, tukakesha topeni na mbu. Siku hizi natazama mizizi ya mikoko. Chaza wakionekana bado, tunangoja; wakishafunikwa, tunashusha tanga na kupiga pondo polepole.

5. Lipeni kiingilio cha Makumbusho ya Taifa, mzunguke magofu kabla ya jua kuzama. Msikiti una nguzo juu ya kibla, na nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo la karne ya 17, ambapo watu wa kijiji cha Shela wamezoea kuja kuomba mvua. Ingieni kwa adabu.

6. Maji yakianza kupwa, piga gadi, miti ya kuegemeza chombo, pande zote mbili, mashua isilale ubavu. Kuleni, mlale mapema.

7. Saa tisa usiku sikiliza. Mashua ikianza kutikisika chini yako, mwamshe mwenzio, toa gadi, chemsha kahawa. Tokeni kabla maji hayajageuka.