SOMO: Kuomba fedha za SBIR za Marekani kwa kampuni ndogo ya vihisi na vifaa vya kinga

Habari zenu wakuu. Kuna mafundi na wanasayansi wengi wenye wazo zuri la kihisi (sensor) cha kunasa vilipuzi, gesi ya sumu au mionzi, au la kitambaa kipya cha kumkinga zimamoto. Wazo linaishia kwenye daftari kwa sababu benki haikopeshi kitu ambacho hakijathibitishwa. Marekani ina mpango wa serikali uliowekwa kwa ajili ya hatua hiyo hasa. Unaitwa SBIR. Ulianzia kwenye NSF, taasisi ya taifa ya kufadhili sayansi, mwaka 1977 kwa juhudi za Roland Tibbetts, ukawa sheria ya nchi nzima mwaka 1982. Kila taasisi ya serikali kuu inayotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kufadhili utafiti wa nje hutakiwa kutenga asilimia 3.2 kwa kampuni ndogo. Fedha hizo si mkopo, na serikali haichukui hisa. Qualcomm ilipita humu ikiwa bado changa. iRobot nayo ilipita, ile ambayo roboti zake za PackBot zilikwenda kushughulikia mabomu Iraq na Afghanistan.

Angalizo kabla ya kuanza: mpango huu huishi kwa kibali cha Bunge chenye ukomo, na kibali kimojawapo kiliisha tarehe 30 Septemba 2025. Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba taasisi unayoilenga ina tangazo lililo wazi.

Hatua ya 1: Jua kama unastahili

Kampuni iwe ya kibiashara, iwe Marekani, na wafanyakazi wasizidi 500 pamoja na wa kampuni zinazohusiana nayo. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya umiliki iwe ya raia au wakazi wa kudumu. Mtafiti mkuu atumie zaidi ya nusu ya muda wake wa ajira kwenye kampuni hiyo. Hapo wahadhiri wengi hukwama, na ndiyo maana kuna mpango pacha uitwao STTR. Huko mtafiti mkuu anaweza kubaki chuoni, mradi kampuni ifanye angalau asilimia 40 ya kazi na chuo angalau asilimia 30.

Hatua ya 2: Jisajili mapema

SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wanaofanya nayo kazi, itakupa namba ya utambulisho wa kampuni, halafu jisajili SBIR.gov. Kwa Wizara ya Ulinzi kuna mfumo wake, DSIP. Usajili wa SAM unaweza kuchukua wiki kadhaa, na ni bure. Anayekuandikia barua pepe akidai ada ya kukusajili, mpuuze.

Hatua ya 3: Chagua mada na uongee na mwenye tatizo

Wizara ya Ulinzi na ile ya Usalama wa Ndani hutoa mikataba kwa mada walizoziandika wenyewe. NSF hutoa ruzuku na inakuachia uje na mada yako, ila kwanza unapeleka muhtasari mfupi wa wazo, ukikubaliwa ndipo unaalikwa kuandika andiko kamili.

Kwa Wizara ya Ulinzi kuna kipindi kifupi kati ya mada kutangazwa na maombi kufunguliwa. Ndani ya kipindi hicho unaruhusiwa kuzungumza moja kwa moja na mtaalamu aliyeandika mada. Dirisha likifungwa, maswali yote hupitia kwenye mfumo na kila mshindani anayasoma. Wakuu, msiache nafasi hii ipite. Muulize ni nani atakayekibeba kifaa, wanatumia nini sasa, kinawaangusha wapi, uzito wa mwisho wanaoweza kuuvumilia ni upi, na betri idumu saa ngapi. Majibu hayo ndiyo andiko lako.

Hatua ya 4: Geuza wazo kuwa swali lenye namba

Hapa ndipo maandiko mengi hufia. Mpango una awamu tatu. Awamu ya kwanza huchukua miezi 6 hadi 12, na kazi yake ni kujibu kama jambo linawezekana. Mwombaji anayeahidi kifaa kamili kwa muda huo anamwonyesha msomaji kwamba hajui ugumu uko wapi. Andika swali moja ambalo likijibiwa "hapana" mradi unakufa, kisha taja kipimo cha kulijibu.

Kwa vihisi, swali hilo mara nyingi ni kengele za uongo. Tuseme mzigo mmoja kati ya 10,000 ndio wenye kilipuzi. Kihisi chako kinanasa kila kilipuzi, na hukosea kwa mzigo mmoja tu katika kila mizigo 100 safi. Kwa ule mmoja wa kweli, kitapiga kengele kama 100 za uongo. Mlinzi atafanya nini siku ya tatu? Ataacha kukisikiliza. Ndiyo maana andiko lenye grafu nzuri ya kunasa kilipuzi cha TNT ndani ya maabara safi halimshawishi mtu. Taja vitu vitakavyokudanganya: gliserini ya losheni ya mikono, moshi wa dizeli, unyevu. Kwa mionzi, taja vigae, mbolea ya potasiamu na mgonjwa aliyetoka kupimwa kwa dawa za nyuklia. Sema utavijaribu vipi na kiwango gani cha makosa utakikubali.

Kwa vifaa vya kinga, mtego ni kutazama tishio na kumsahau mvaaji. Katika viwango vya NIJ, taasisi ya utafiti ya Wizara ya Sheria ya Marekani, fulana ya kuzuia risasi inaweza kuisimamisha risasi na bado ikafeli, kama udongo laini uliowekwa nyuma yake umebonyea zaidi ya milimita 44, kwa sababu kifua kingeumia. Kwa zimamoto, kila tabaka linalozuia joto la nje hufungia ndani joto la mwili wake. Pima vyote viwili.

Hatua ya 5: Andiko na bajeti

Fuata idadi ya kurasa kama ilivyoagizwa, ukizidisha unaweza kuondolewa bila kusomwa. Awamu ya kwanza, kampuni ifanye angalau theluthi mbili ya kazi; ya pili, angalau nusu. Barua ya mtumiaji halisi anayesema atakijaribu kifaa ina uzito kuliko barua tatu za maprofesa. Weka pia faida ya kiasi, inaruhusiwa.

Hatua ya 6: Baada ya hapo

Awamu ya pili kwa kawaida ni miaka miwili, ya kujenga mfano wa awali. Ya tatu haina fedha za SBIR, lakini taasisi ya serikali inaweza kukupa mkataba wa kuendeleza kazi hiyo bila kuishindanisha tena. Kwa kampuni ndogo, huo ni mlango mkubwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kampuni yangu ina mtu mmoja tu, mimi, na nimeajiriwa kwingine. Naweza kuomba?
Unaweza. Sharti la ajira huangaliwa wakati wa kupewa fedha na muda wote wa mradi, kwa hiyo ukishinda itabidi upunguze kazi nyingine. Onyesha pia una maabara ya kutumia.

Wasije wakaniibia wazo?
Data utakazozalisha zinalindwa kwa miaka 20, ila lazima uweke alama inayotakiwa kwenye kurasa husika. Usipoiweka, unajiweka hatarini. Hataza (patent) inabaki yako ukiripoti uvumbuzi kwa wakati. Serikali hupata haki ya kuutumia kwa shughuli zake.

Nina viza ya kazi, si mkazi wa kudumu.
Umiliki mkubwa lazima uwe wa wanaostahili. Kufanya kazi kwenye mradi kunawezekana, lakini mada nyingi za ulinzi zina vikwazo vya kupeleka teknolojia nje ya nchi, na raia wa kigeni hutakiwa kutajwa. Isome mada yote kwanza.

Nimekataliwa. Nifanyeje?
Omba maoni ya wasahihishaji. NSF wanapokea wazo lililoboreshwa. Kwa Wizara ya Ulinzi mada ileile huenda isirudi, tafuta inayofanana nayo.

Kitambaa changu nikivalishe watu awamu ya kwanza?
Sikushauri. Utafiti unaohusisha watu unahitaji idhini ya kamati ya maadili, na miezi 6 inaweza kuisha ukiisubiri. Tumia sanamu yenye vipima joto, anza maombi ya idhini mapema, na uwavalishe awamu ya pili.