Chopsi za nguruwe na mboga kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole

Nyama imekauka na kukakamaa, karoti bado zinalia mdomoni, na mchuzi ni maji matupu. Mapishi haya yakiharibika, huharibika hivyo, na kosa huwa limeshafanyika kabla sufuria haijawashwa: kwenye uchaguzi wa nyama na mpangilio wa chungu, yaani lile bakuli la udongo la ndani ya sufuria. Nyama na mboga haziivi kwa mwendo mmoja. Ukilijua hilo, kazi inayobaki ni ndogo.

Nyama ipi

Chopsi si zote sawa. Za mgongoni ni nyeupe na laini, zina mafuta ukingoni tu, na ndizo zinazoonekana nzuri zaidi buchani. Lakini hazina kitu cha kuzilinda zikikaa motoni muda mrefu. Zikipita nyuzi 70 za Selsiasi huwa zimeshaachia maji yake mengi, na baada ya saa 7 zinakuwa nyuzinyuzi kavu hata kama zinaelea kwenye mchuzi. Kioevu cha nje hakirudishi unyevu uliokwisha kutoka ndani ya nyama.

Chopsi za begani ni nyekundu zaidi, zina mistari ya mafuta katikati, na kano zinazoonekana kama utando mweupe. Kano hizo ni kolajeni, protini ngumu inayoshikilia nyama. Ukizikaanga haraka utatafuna mpaka uchoke, lakini zikikaa kwenye joto la nyuzi 80 na kitu kwa saa kadhaa, kolajeni huyeyuka na kuwa jelatini, ambayo hulainisha nyama na kuupa mchuzi uzito. Sufuria hii ilitengenezwa kwa ajili ya nyama ya namna hiyo. Chukua za begani, zenye mfupa, unene wa sentimita 2.5 hadi 3. Chini ya sentimita 2 usihangaike nazo humu. Zipeleke kwenye kikaango.

Vipimo vya watu 4, sufuria ya lita 5 hadi 6

- Chopsi 4 za begani zenye mfupa, jumla kama kilo 1
- Chumvi kijiko 1½ cha chai, pilipili manga ½ kijiko cha chai
- Unga wa ngano vijiko 2 vya chakula
- Mafuta vijiko 2 vya chakula
- Vitunguu maji 2 vikubwa, vitunguu saumu punje 4
- Viazi gramu 500, karoti gramu 300
- Nyanya ya kopo iliyokolezwa kijiko 1 cha chakula
- Supu au maji mililita 200
- Haradali ya kutengenezwa kijiko 1 cha chai, kijiti 1 cha rosemari
- Njegere gramu 150
- Siki kijiko 1 cha chai, ya kumalizia

Mililita 200 zitaonekana chache. Usiongeze. Kifuniko hurudisha mvuke wote chunguni, na nyama pamoja na vitunguu vitatoa maji yao. Ukifunika nyama kwa maji kama unavyofanya kwenye sufuria ya kawaida, utapata supu iliyopooza.

Kuandaa

Nyama iwe imeyeyuka barafu kabisa, na iyeyukie ndani ya friji, si mezani. Nyama iliyoganda ikiingia chunguni huchelewesha joto, na chakula hukaa muda mrefu kati ya nyuzi 4 na 60, mahali ambapo bakteria huzaliana kwa kasi.

Futa chopsi kwa karatasi ya jikoni mpaka zikauke. Chanja ukingo wa mafuta mara 2 au 3, kisu kifike tu kwenye nyama, la sivyo mafuta yatajivuta na chopsi itajikunja kama bakuli, isiguse kikaango sawasawa. Paka chumvi na pilipili manga, kisha nyunyiza unga pande zote na ukung'ute uliozidi.

Pasha mafuta kwenye kikaango kizito, weka chopsi mbili mbili, usizisogeze kwa dakika 3, geuza, dakika 3 nyingine. Hatua hii wengi huiruka kwa sababu sufuria inasifiwa kwamba unatupia vitu vyote mara moja. Usiiruke. Nyama hupata rangi ya kahawia na ladha yake ya kukaangwa kwenye joto la nyuzi 140 kwenda juu, na ndani ya chungu joto halivuki 100. Humo nyama ya kijivu itaiva, lakini itabaki ya kijivu. Ukishaanza kukaanga, maliza na uwashe sufuria papo hapo. Nyama iliyoiva nje na mbichi ndani haiwekwi kusubiri kesho.

Toa chopsi. Kwenye mafuta yaleyale kaanga vitunguu dakika 5, ongeza saumu na nyanya ya kopo, koroga dakika 1, mimina supu, na ukwangue kwa mwiko ule ukoko wa kahawia uliogandia chini. Ukoko huo ndio ladha ya mchuzi wako. Koroga haradali ndani yake.

Kupanga chungu

Viazi na karoti ziwe chini, nyama juu. Inaonekana kinyume, kwa sababu tumezoea kwamba nyama ndiyo ngumu. Lakini mboga za mizizi hulainika vizuri joto likikaribia nyuzi 85, na chungu huchukua saa kadhaa kufika huko. Joto hutoka kwenye ubavu na chini ya chungu, kwa hiyo zikae karibu nalo. Kata viazi vipande vya sentimita 3, karoti sentimita 2. Mwaga mchuzi wa vitunguu juu yake, weka rosemari, kisha laza chopsi. Zikipandana kidogo si neno.

Chungu kijae kati ya nusu na theluthi mbili. Kikiwa kitupu sana chakula huungua pembeni. Kikijaa hadi juu joto halifiki katikati kwa wakati.

Kama ungependa nyanya nyingi au siki, zisubiri mwisho. Asidi huzuia viazi na karoti kulainika, na hiyo ni sababu mojawapo ya karoti kubaki ngumu baada ya saa 7. Kijiko kimoja cha nyanya ya kopo hakileti shida.

Muda

Kwenye LOW (moto mdogo), saa 6 hadi 7. Kwenye HIGH (moto mkubwa), saa 3½ hadi 4. Swichi hizi mbili huishia kwenye joto linalokaribiana. Tofauti kubwa ni kasi ya kulifikia. Kwa nyama yenye kano LOW ni bora. WARM si ya kupikia wala ya kupashia kiporo, ni ya kutunza kilichokwisha kuiva.

Usifunue kufunua. Kila ukiinua kifuniko unapoteza joto lililochukua muda mrefu kujikusanya, na unaongeza kati ya dakika 15 na 30 za kupika. Kifuniko ni cha kioo, chungulia hapohapo.

Kipimajoto cha nyama kikisoma nyuzi 63 katikati, mbali na mfupa, na nyama ikapumzika dakika 3, chopsi ni salama kuliwa. Lakini salama si laini: bega lenye nyuzi 63 bado linavuta meno. Subiri lifike 88 hadi 93, uma uingie bila kusukuma na mfupa uanze kuachia.

Una za mgongoni tu? Inawezekana, ila badili mwendo. Kata mboga vipande vya sentimita 1½, zianze peke yake na mchuzi kwenye HIGH kwa saa 2. Ndipo ukaange chopsi na kuziweka juu, shusha hadi LOW, na uanze kupima joto baada ya saa 1½. Zitoe zikifika nyuzi 63 hadi 65, hata kama ratiba yako inasema bado.

Mboga za mwisho

Njegere ziingie dakika 20 kabla ya kupakua. Maharage machanga ya kijani yanataka saa 1 kwenye HIGH, kabichi iliyokatwa mapana vivyo hivyo, mchicha dakika 10. Zikiingia na viazi zitakuwa uji wa rangi ya zaituni. Krimu au maziwa ni dakika 15 za mwisho, yakikaa zaidi yatakatika.

Maharagwe mekundu makavu usiyatie mabichi kamwe. Yana sumu ambayo joto la LOW haliimalizi. Yaloweke angalau saa 5, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu dakika 30 kwenye maji mapya, ndipo yaingie chunguni. Ya kopo hayana shida hiyo.

Kumalizia

Toa nyama na mboga kwa mwiko wenye matundu, engua mafuta yanayoelea. Mchuzi ukiwa mwepesi, uchemshe kwenye kikaango kipana dakika 5 hadi 8, njia ninayoipendelea kwa sababu ladha nayo hukolea. Kama una haraka, koroga kijiko 1 cha chakula cha wanga wa mahindi na vijiko 2 vya maji baridi, mimina kwenye mchuzi unaochemka, dakika 1 inatosha. Tia siki mwisho kabisa, onja, ndipo uongeze chumvi. Kuonja mapema hudanganya, kwani mchuzi bado unabadilika.

Umeme ukikatika ukiwa nyumbani, hamishia chakula jiko jingine mara moja umalizie kupika. Ukirudi ukakuta ulikatika katikati ya kupika na hujui ni kwa muda gani, kitupe hata kama kinaonekana kimeiva.

Kiporo kitoke chunguni, kigawe kwenye vyombo visivyo na kina, kiingie friji ndani ya saa 2. Kinakaa siku 3 hadi 4. Kipashe jikoni mpaka kifike nyuzi 74. Chungu chenyewe kiache kipoe kabla ya kukimwagia maji baridi, maana udongo wake hupasuka ukishtuliwa.