Yoga ya mwanzo umeshaizoea, sasa uende darasa gani?

Kuna kipindi unafika, umefanya yoga kama mwaka hivi, lile pozi la mbwa anajinyoosha unalikaa bila kutetemeka, pozi za shujaa wa kwanza na wa pili unajua mguu unaenda wapi, basi darasa la wanaoanza linaanza kukuboa. Wengi tunakosea hapohapo, tunafungua ratiba tunatafuta palipoandikwa levo ya tatu tunalipia mwezi mzima.

Mi nililipia, sehemu sitaitaja. Watu kama thelathini, mziki juu, mwalimu yuko mbele anaita pozi fasta fasta na mi nimejibana nyuma karibu na spika. Ile ya kushuka kama pushapu nilikuwa naishuka vibaya, mabega yanapita chini ya viwiko, wiki tatu hakuna aliyesema kitu, wiki ya nne bega la kulia likagoma hata kuanika nguo. Ugumu wa darasa wala haukuwa shida, shida hakuna aliyekuwa ananiona.

Kwa hiyo lipia siku moja kwanza, kaa unapomuona mwalimu vizuri, uangalie anatoka kwenye mkeka wake mara ngapi (mkeka wa mazoezi jamani, sio wa kubeti). Anayefanya zoezi lote mwenyewe mwanzo mwisho bila kugeuka, huyo kaja kufanya mazoezi yake na nyie mmemsindikiza.

Aina nayo ina maana. Iyengar, ya yule mzee B.K.S. Iyengar wa Pune kule India, inakaa sana kwenye pozi moja na vifaa vingi, mikanda, viti, matofali. Watu wanadharau tofali wanaona la wanaoanza, wapi! Kwenye pozi la pembetatu wewe unalazimisha mkono ufike sakafuni kifua kinaangalia chini, ukiwekewa tofali chini ya kiganja kifua kinageuka chenyewe ndo unajua kumbe siku zote hujawahi kuifanya. Halafu kuna Ashtanga ya mtindo wa Mysore, ya mwalimu Pattabhi Jois wa mji huohuo wa Mysore, India, mfululizo ni uleule kila siku ila kila mtu anaenda na pumzi yake, mwalimu anazunguka anamsogelea mmoja mmoja, pozi mpya anakupa ile ya nyuma ikishakaa. Inachosha kurudia, sikatai, ila ukitaka kupanda kweli sijaona kama hiyo. Vinyasa, ile ya kuunganisha pozi moja na jingine kwa pumzi, kila mwalimu anapanga yake, hapo angalia mtu usiangalie jina. Ya chumba cha joto mi naipita, Dar ya Januari inanitosha.

Cheti cha masaa 200 kisikutishe, hayo ni masaa ya kozi ya kuanzia ualimu, muulize amefundisha muda gani na yeye sasa hivi anajifunza kwa nani. Kama una jeraha au hutaki kushikwa, mwambie kabla hamjaanza. Darasa likiisha muulize, mwalimu, kwangu umeona nini cha kurekebisha? Akikujibu uko poa sana endelea hivyohivyo, hakukuona huyo. Wa kwangu wa sasa alinijibu palepale, unabana pumzi kila miguu ikitaka kunyanyuka, na hilo bega tulirudishe nyuma kidogo.

Tuko nane tu, kwenye baraza la nyumba ya mtu. Pushapu alinirudisha magoti chini miezi miwili, niliona aibu we acha, binti aliyeanza juzi ananipita hivihivi naona. Ila bega halijauma tena, na wiki iliyopita nimekaa kwenye pozi la kunguru, lile la kusimamia mikono miguu ikiwa hewani, pumzi tano kamili, kunguru wenyewe wako juu ya mwembe wanapiga kelele, pumzi ya sita nikaangukia pua.