Kumwanzishia mtoto kurusha mkuki kwa mwanzi

Shule isiyo na mikuki ya kiwandani isisubiri mgao. Kata mwanzi mkavu, ulionyooka, mita 2, unene wa kidole gumba. Parua vifundo kwa kisu, kisha piga msasa. Kifundo kimoja kikibaki kitachana kiganja. Pima kwa mizani ya dukani: gramu 400 zinamtosha mwanafunzi wa darasa la sita. Mkuki halisi wa wasichana chini ya miaka 18 ni gramu 500, wa wavulana 700.

Sasa mizania, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Laza mwanzi juu ya kidole kimoja, upande mnene mbele. Mahali unapotulia pawe kama sentimita 80 kutoka nchani. Pakiwa nyuma zaidi, zungushia ncha vipande vya tyubu ya baiskeli hadi pasogee; mpira huo pia unaifanya ncha iwe butu. Mkuki wenye uzito nyuma huelea na kutua kwa tumbo. Mwaka 1986 mkuki wa wanaume ulisogezewa uzito mbele sentimita 4 ili uiname mapema, kwa hiyo mita 94.58 za Miklós Németh wa Hungaria, Montreal 1976, usizilinganishe na 92.72 za Julius Yego wa Kenya, Beijing 2015. Ni mikuki miwili tofauti.

Kwenye mizania funga kamba ya katani, upana sentimita 15. Mkuki ulale mshazari kiganjani, usikamatwe kama mchi. Kidole cha kati na gumba vibane ukingo wa nyuma wa kamba. Cha shahada kinyooke kuelekea mkiani.

Wiki mbili za kwanza, hakuna kukimbia. Mguu wa kushoto mbele (anayetumia shoto ageuze), mkono umenyooka nyuma, kiganja juu, ncha usawa wa jicho. Nyonga ianze, bega lifuate, kiwiko kipite juu karibu na sikio. Alenge tairi lililolazwa mita 8 mbele. Watoto wa Tabora wamezoea kuangua maembe kwa mawe, wanarusha kwa ubavuni, kiwiko chini ya bega. Hicho ndicho kinacholeta maumivu upande wa ndani wa kiwiko. Akianza kuumwa kiwiko, aache kurusha siku hiyo. Kesho apige magoti, arushe mpira kwa mikono miwili kutoka juu ya kichwa, mara 20.

Kisha akimbie hatua tano kabla ya kurusha. Goti la mguu wa mbele lisilegee anapokita. Likikunjika, kasi yote ya mbio inapotea kabla ya kufika mkononi.

Kiangazi ardhi ya Tabora ni sakafu: mkuki wa chuma unadunda na ncha inapinda. Tifua kipande kwa jembe. Kigoma, mchanga wa ufukweni unatosha.

Wote warushe, wote wasimame, ndipo waende kuokota, kwa kutembea. Mkuki uliosimama ardhini mkia wake uko usawa wa uso wa mtoto anayekimbia.